Mchezo Kazini: Hiari Kwanza

Kila mwaka watumishi wa wizara na idara za serikali ya Tanzania hukutana kwenye michezo ya SHIMIWI. Wanavuta kamba, wanacheza mpira wa pete, bao, drafti na karata. Wenzao wa mashirika ya umma na kampuni binafsi wana SHIMMUTA. Ni utaratibu mzuri: watu wanafahamiana, afya inaimarika, na karani anapata nafasi ya kumfunga mkurugenzi kwenye drafti bila kinyongo. Tatizo ni kwamba wakirudi ofisini, vikao ni vilevile na wanaotoa mawazo ni walewale wawili watatu. Mchezo umebaki uwanjani.

Sisi wa fani ya rasilimali watu tunasisitiza pia mchezo wa aina nyingine, unaochezwa ndani ya kazi ili watu wafikiri pamoja na wathubutu kujaribu jambo jipya. Mchezo huo unafaa sana, ila una masharti yake, na wakubwa wengi huyaruka.

Chukua jaribio la mashimelo, ile peremende nyeupe laini. Lilibuniwa na Peter Skillman na kupata umaarufu kupitia Tom Wujec. Watu wanne wanapewa vijiti 20 vya tambi kavu, futi tatu za utepe wa gundi, futi tatu za uzi na mashimelo moja. Ndani ya dakika 18 wanatakiwa kujenga mnara mrefu kadiri wawezavyo, unaosimama wenyewe, na mashimelo ikae kileleni.

Watu wazima huanza kwa kuvutana nani aongoze. Wakimaliza wanachora, wanapanga, wanaunganisha tambi kwa uangalifu mkubwa. Sekunde za mwisho mmoja anaiweka mashimelo juu, wote wanarudi nyuma kushangilia, na mnara unapinda na kuanguka. Kumbe ile peremende ina uzito, na hakuna aliyekumbuka kuupima. Watoto wa chekechea hawagombei uongozi. Wanaanza na mashimelo mkononi: wanaichomeka juu ya tambi chache, ikianguka wanarekebisha na kuichomeka tena. Wujec, aliyeendesha jaribio hili kwa makundi mengi, aliona watoto hao wakiwapita wahitimu wapya wa shahada za biashara.

Faida ya mchezo kwa timu ya kazi iko hapo. Mkuu wa idara anaweza kuhubiri mwaka mzima kwamba wazo lijaribiwe mapema kabla fedha hazijatumika. Tambi zinalionyesha hilo kwa dakika 18, na hakuna hata shilingi moja ya mradi iliyopotea. Lakini mchezo ukiisha, timu ikae chini na kuulizana: katika mradi wetu wa sasa, ni jambo gani tumeliacha hadi mwisho bila kulipima? Nani alikuwa na wazo zuri na hakusikilizwa? Bila mazungumzo hayo, watu watakuwa wamepata burudani tu.

Zawadi nazo ziangaliwe. Wujec aliwahi kutangaza zawadi ya programu za kompyuta zenye thamani ya dola 10,000 kwa wanafunzi wa usanifu. Timu 10 zikashindana, na muda ulipokwisha hakuna hata moja iliyokuwa na mnara uliosimama. Zawadi kubwa haikuwaongezea ujuzi, iliwaongezea mashaka.

Sharti kubwa kuliko zawadi ni hiari. Kampuni ya Microsoft ilipokuwa ikitayarisha programu yake ya Windows 7 ilikabiliwa na swali gumu: nani ahakiki tafsiri za programu hiyo katika lugha nyingi za dunia? Wafanyakazi wake wenyewe walizijua lugha hizo, ingawa kutafsiri hakukuwa kazi yao. Ukaundwa mchezo. Mchezaji anaonyeshwa ukurasa wa programu, anaweka alama palipo na neno lililotafsiriwa vibaya, anapata pointi, na ofisi za nchi mbalimbali zinashindana. Maelfu walijitolea, na kurasa zaidi ya laki tano zikapitiwa. Zingatia kwamba pointi zile hazikugusa majukumu ya mtu ya kila siku wala mshahara wake. Aliyechoka aliacha bila kuitwa kujieleza.

Kinyume chake kilitokea Anaheim, Marekani, kwenye hoteli za Disneyland. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliandika kuhusu wafanyakazi wa kufua waliowekewa skrini zenye majina yao na kasi ya kila mmoja, ili wote waone nani yuko mbele na nani amebaki nyuma. Wafanyakazi waliuita utaratibu huo mjeledi wa kielektroniki. Wapo waliosema wenzao walikwepa hata kwenda chooni ili wasiporomoke kwenye orodha. Sura ilikuwa ya mashindano, lakini hakuna aliyeulizwa kama anataka kucheza.

Watafiti Ethan Mollick na Nancy Rothbard wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilichunguza suala hili la hiari kwa wauzaji wa kampuni moja walioletewa mchezo wenye sura ya mpira wa kikapu. Waliouridhia mchezo walifurahia zaidi kazi yao. Wale ambao hawakuuridhia, furaha yao ilipungua.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia watu, anza na kero halisi ya ofisi yako: foleni isiyopungua dirishani, au fomu inayorudishwa kila mara kwa kukosewa. Wape watumishi zamu ya kucheza nafasi ya mteja, wajaze fomu hiyo wenyewe, kisha timu mbili zishindane kuirahisisha. Anayetaka kutazama tu, mwache atazame. Kiongozi aingie kama mchezaji wa kawaida, asiwe mwamuzi. Matokeo yasiingizwe kwenye tathmini ya utendaji kazi, na zawadi iwe ndogo. Zaidi ya yote, wazo litakalopatikana lifanyiwe kazi ndani ya wiki chache na watumishi wauone utekelezaji wake. Ukiwachezesha watu na kisha ukayaweka mawazo yao kabatini, mara ya pili hawatakuja kucheza, na watakuwa na haki.