"Mwisho shingapi?" Somo la bei kutoka kwa mfinyanzi Magdalene Odundo



Mimi niko Sumbawanga, nauza vyungu. Mzigo nachukua kwa mama mmoja kijijini, napiga picha, naposti, mteja akilipa natuma kwa basi. Mwaka jana chungu nilikuwa nachukua kwa 6,000, boksi na nauli ya mzigo 4,000. Mteja wa Dar akiuliza "mwisho shingapi?" naogopa kumkosa, namwachia kwa 11,000. Faida buku! Kimoja kikivunjika njiani, faida ya vyungu kumi imeondoka.

Siku moja yule mama akaniambia: "Mwanangu, usiponiongezea, kiangazi kijacho sifinyangi tena. Bora niuze maharage." Na binti yake hataki hata kugusa udongo. Nikajua hapa biashara imekufa.

Katika kuhangaika kwenye simu ndipo nikakutana na habari za Magdalene Odundo. Huyu ni mwenzetu, amezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alianza na usanifu wa picha za matangazo. Mwaka 1971 akaenda Uingereza kusoma, na huko Cambridge ndiko akaupenda udongo. Cha ajabu, hakuishia kujifunza kwa Wazungu. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa akina mama wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake ipo kwenye noti ya naira 20.

Mpaka leo Odundo hatumii gurudumu. Anafinyanga kwa mkono, kama mama zetu. Akimaliza umbo, analisugua mpaka ling'ae, analipaka udongo mwembamba uliochujwa, kisha analisugua tena. Akilichoma kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, linatoka jekundu la machungwa. Akilichoma tena kwenye moshi, hewa ikiwa imebanwa, linageuka jeusi. Udongo uleule!

Kazi zake zipo kwenye makumbusho makubwa, na mnadani zipo zilizouzwa kwa zaidi ya paundi 200,000 kwa kimoja. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame.

Sasa usinielewe vibaya. Chungu cha maharage hakiwezi kuuzwa bei hiyo, na usije ukamdanganya mteja kwamba chako ni kama cha Odundo. Lakini mimi nilichukua mambo manne:

1. Onyesha kazi, siyo bidhaa tu. Niliacha kuposti chungu peke yake. Nikarekodi mikono ya mama ikifinyanga, ikisugua kwa jiwe, na moto ukiwaka. Niliomba ruhusa yake kwanza.

2. Kilichotengenezwa kwa mkono hakifanani. Zamani nilikuwa naomba radhi kwa doa jeusi la moshi. Sasa naeleza limetoka wapi, na kila chungu nakipa namba na picha yake. Mteja anachagua hichohicho.

3. Piga hesabu kuanzia kwa fundi. Mama sasa nampa 9,000. Boksi na nauli 5,000, maana naongeza majani makavu ndani na nje ya chungu. Akiba ya kuvunjika 1,000. Nauza 18,000, faida 3,000.

4. Sema matumizi kwa ukweli. Cha kupikia sema cha kupikia, cha pambo sema cha pambo. Mteja akikibandika cha pambo jikoni kikapasuka, umempoteza.

Je, wateja walikimbia? Wengine ndiyo. Mwezi wa kwanza niliuza vyungu sita tu, wakati zamani nilikuwa nafikisha kumi na tano. Ila piga hesabu mwenyewe: 18,000 dhidi ya 15,000, na kazi ya kufunga imepungua zaidi ya nusu.

Na mama? Kiangazi hiki anafinyanga. Binti bado hajagusa udongo, ila video sasa anarekodi yeye.

Wewe unauza nini cha mkono? Tuambie kwenye komenti, na useme fundi wako unamlipa kwa hesabu gani.