Ndoto za kutisha: Kwa nini zinamtesa huyu na kumwacha yule?

Mama mmoja aliniletea wanawe wawili kliniki, wa miaka sita na tisa. Mdogo huota ndoto za kutisha karibu kila wiki. Huamka akilia, mama humbembeleza, hulala tena na asubuhi hunywa uji wake kama kawaida. Mkubwa huota mara chache, lakini giza likiingia tu tumbo linamuuma, hataki kwenda kulala na darasani anasinzia. "Daktari, mbona anayeota zaidi ndiye mwenye nafuu?" aliniuliza.

Msomaji wangu, huenda hata nyumbani kwako iko hivyo. Mwaka 1992 mwanasaikolojia wa Canada, Kathryn Belicki, alionyesha kuwa wingi wa ndoto mbaya na kiasi zinavyomtesa mtu ni mambo mawili tofauti. Mara nyingi kinachotesa ni kile kinachofuata baada ya kuamka.

Nilimuuliza yule mkubwa anaota nini. Aliota jino limeng'oka, damu inatoka. Alipoisimulia, ndugu mmoja akamwambia kuwa kuota jino linang'oka ni dalili ya msiba nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka usiku kwenda kusikiliza kama mama yake anapumua. Ndoto ilikuwa moja, hofu ikawa ya kila usiku.

Maana unayoipa ndoto ni sababu moja. Nyingine ni hali yako ya mchana. Mwenye wasiwasi, sonona au msongo wa mawazo alikuwa na hofu hata kabla ya kulala, hivyo akiamka hutulia kwa shida. Aliyepata ajali au kufanyiwa ukatili anaweza kuota tukio lenyewe, na kwake ni kama kuumizwa upya. Kisha huja woga wa kulala. Anayejinyima usingizi, siku akilala ndoto huweza kuja kwa nguvu zaidi.

Ufanye nini? Usiku, mkumbatie mtoto, mwambie yuko salama, usimhoji. Mchana, mwache asimulie au achore ndoto yake, kisha abadilishe mwisho wake anavyotaka na airudie akilini dakika chache kila siku. Zoezi hili huwasaidia hata watu wazima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha wanawake 168 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono, ulionyesha kuwa waliofundishwa zoezi hilo walipungukiwa na ndoto mbaya na kulala vizuri zaidi.

Angalia pia dawa unazotumia. Baadhi, kama propranolol ya presha na efavirenz ya VVU, zinaweza kuleta ndoto kali. Usiziache mwenyewe, zungumza na daktari wako.

Fika hospitali ikiwa ndoto zinarudi kila wiki na kukuharibia siku, au zimeanza baada ya tukio baya. Ukipata mawazo ya kujiua, usisubiri kesho.

Yule mtoto alichora jino lake akilirusha juu ya bati, na jipya likiota palepale. Mama yake aliporudi alisema siku hizi analala hadi asubuhi. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumtafsiria mtoto ndoto yake, muulize kwanza yeye ameielewaje.