UMBALI NA MUDA WA SAFARI YA NDEGE BAINA YA UNGUJA NA MASKATI

Wananchi wengi husafiri kwenda Maskati, Oman, kwa kuwatembelea jamaa, kwa matibabu na kwa biashara. Imeonekana ni vyema kueleza umbali wa safari hiyo na namna ya kuzisoma saa zilizoandikwa katika tiketi, kwani asiyezielewa huweza kuachwa na ndege.

Umbali baina ya Unguja na Maskati, ukipimwa kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, ni kiasi cha kilomita 3,900, sawa na maili za baharini 2,100. Zamani majahazi yaliungoja upepo wa kaskazi kuja huku na upepo wa kusi kurudi, na safari ilichukua majuma matatu au manne. Ndege kubwa huenda kilomita 850 hivi kwa saa. Kwa hesabu hiyo ingefika kwa muda wa saa nne na nusu na kidogo. Lakini hupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, na hufuata njia za anga zilizopangwa, ambazo si mstari ulionyooka. Kwa hivyo, safari isiyo na kituo njiani huchukua baina ya saa tano na saa tano na nusu.

Maskati iko mashariki zaidi, na jua hutangulia kuchomoza huko. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, mwaka mzima. Tiketi huonyesha saa za mji ndege inapoondokea na saa za mji inapofikia. Kwa mfano, ndege ikiondoka Unguja saa 14:00, yaani saa nane mchana, ikaruka saa tano na nusu, itafika saa 20:30 za Maskati, yaani saa mbili na nusu usiku. Kwa macho safari ni ya saa sita na nusu. Wakati wa kurudi, ikiondoka Maskati saa 09:00 itafika Unguja saa 13:30, na msafiri atadhani ni saa nne na nusu tu. Safari ni ile ile.

Jambo linalohitaji hadhari kubwa ni saa za usiku. Tiketi haifuati hesabu yetu ya Kiswahili. Iliyoandikwa tarehe 12, saa 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri aliyetakiwa kufika muda wa saa tatu kabla anapaswa kuwapo kiwanjani tarehe 11, saa tatu na nusu usiku. Atakayekwenda usiku wa tarehe 12 ataikuta ndege imeondoka tangu usiku uliotangulia.

Wasafiri wanashauriwa kuuliza mapema kwa wakala wao, na kuiandika saa ya kuondoka kwa Kiswahili pembeni mwa tarehe, ili kila aliyemo nyumbani aifahamu.