Mboga za majani na damu ya mtoto: Unapika au unamwaga?

Dada yangu alinipigia simu saa mbili usiku, nikajua kuna jambo. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amepimwa wingi wa damu kliniki siku hiyo na kukutwa amepungukiwa. Wakampa dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, wakamwambia amlishe vizuri na mboga za majani zisikosekane.

Swali lake halikuwa kuhusu dawa. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wenzake walikuwa wametumiana maelekezo ya juisi ya kisamvu kibichi: saga kwenye blenda, chuja, mpe mtoto kikombe asubuhi na jioni, damu itapanda yenyewe. Dawa ya kliniki ilikuwa imeanza kumfunga mtoto choo. Kwa nini asiiweke pembeni kwanza, ajaribu kitu cha asili?

Nilimwambia asimpe hata kijiko.

Majani ya mihogo yana kemikali ambayo yakisagwa hutoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana bibi zetu walikitwanga kisamvu, wakakiosha, kisha wakakichemsha muda mrefu sufuria likiwa wazi, ili sumu iondoke na maji na mvuke. Halikuwa suala la kutafuta ladha tu. Ukikisaga kikiwa kibichi na kumnywesha mtoto mwenye kilo kumi na tatu, umeruka hatua ile ile iliyokifanya kiwe chakula. Blenda haiondoi sumu, inaitoa tu ndani ya jani na kuiacha kwenye kikombe.

Kuhusu dawa, alirudi kliniki kueleza habari ya choo. Hawakuifuta, walimwelekeza namna ya kumpa na kumwongezea maji na matunda. Hili nalisema kwa wazazi wote, kwa sababu upungufu wa damu si ugonjwa wa watoto wachache. Nchini kwetu zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wanao. Sababu zake pia hazifanani: malaria, minyoo, selimundu, lishe. Mboga haitibu malaria wala selimundu, na mtoto ambaye damu imeshashuka hawezi kuipandisha kwa mchicha peke yake. Mboga ni chakula cha kumsaidia asirudi huko.

Jumamosi nilikwenda kwake kula mchana, na ukweli nilikwenda kuchungulia sufuria.

Alikuwa na mafungu mawili ya mchicha mzuri, mbichi kabisa, kutoka gengeni. Akaukatakata kwanza, vipande vidogo sana, halafu akauosha mara tatu. Maji ya mwisho yalikuwa ya kijani. Akauchemsha dakika ishirini, akaukamua kwa mikono, akamwaga yale maji kwenye karo, ndipo akaunga kwa kitunguu na nyanya. Mtoto akala vijiko viwili na ugali, akasukumia kwa chai ya maziwa.

Sikumcheka, kwa sababu nyumbani kwetu tulilelewa hivyo hivyo. Lakini angalia kilichotokea. Vitamini C na folati huyeyuka kwenye maji na haziupendi moto mrefu. Sehemu kubwa ilitoka wakati wa kuosha mboga iliyokwisha kukatwa, nyingine ikaungua kwenye sufuria, iliyobaki ikaenda kwenye karo. Folati ni mojawapo ya vitu ambavyo mwili unavihitaji kutengeneza damu. Vitamini C ina kazi nyingine: inausaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, ambayo kwa kawaida hayafyonzwi kirahisi kama yale ya maini, nyama au samaki. Kisha ikaja chai, ambayo hufanya kinyume chake. Inayakamata yale madini machache yaliyobaki yasiingie mwilini.

Kwa hiyo tulipika upya, tukianza na fungu la pili. Majani yalioshwa yakiwa mazima, chini ya maji yanayotiririka, shina kwa shina, kwa kuwa mchanga hujificha pale chini. Ndipo yakakatwa, na si madogo sana. Kwenye sufuria tuliweka mafuta vijiko viwili, kitunguu, karoti iliyoparuzwa na nyanya moja. Nyanya ilipoiva tukatumbukiza mchicha wote, tukageuza, tukafunika. Dakika tano zilitosha. Haukuongezwa maji hata tone, mchicha unayo yake. Tulipoepua ndipo tukakamulia nusu ndimu. Ndimu ukiiweka mapema inaungua pamoja na vitamini zake.

Mafuta hayo msiyaogope. Vitamini A inayopatikana kwenye majani ya kijani iliyokolea haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Karanga za kusaga au tui la nazi hufanya kazi hiyo hiyo, na watoto wengi wanaukubali mchicha wa karanga kuliko wa kukaanga. (Mwenye matone ya vitamini A ya Juni na Desemba asiyaache kwa sababu anapika vizuri.) Ukiongeza dagaa kidogo waliooshwa vizuri na kuondolewa vichwa, umefanya jambo kubwa zaidi, maana nyama na samaki huufanya mwili uyafyonze hata madini ya kwenye majani. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mtolee sehemu yake kabla hujaweka chumvi.

Chai? Isogezwe mbele saa moja au zaidi baada ya chakula. Chungwa, embe au kipande cha papai kichukue nafasi yake mezani.

Nije kwenye arugula, kwa sababu wasomaji kadhaa wameniuliza. Wanaiona kwenye video za mapishi, wanaona bei yake kwenye supamaketi, wanadhani watoto wao wanakosa kitu. Arugula ni jani la ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na figiri. Asili yake ni nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania. Wenye ndugu Muscat au Dubai wanaijua kwa jina la jarjir. Huko huliwa mbichi pembeni ya wali na samaki, ikiwa na ndimu, na hakuna anayeiona kuwa ya kifahari. Ina ukali kidogo, kama haradali. Ukali huo hutokea jani linapokatwa au kutafunwa, na hupungua likipita kwenye moto.

Je, inaizidi mboga ya gengeni? Kwa mtoto wa Kitanzania, hapana. Mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga na majani ya kunde ni mboga kamili, na hutolipa nauli yake ya ndege. Lakini kama unaipenda au umepata mbegu, iotesha. Ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini, udongo wenye samadi iliyooza, sehemu isiyopigwa na jua la mchana kutwa. Ndani ya wiki tano hivi unaanza kuchuma majani ya nje, yale ya ndani yanaendelea kukua. Joto la Dar es Salaam huifanya iwahi kutoa maua na majani yakawa machungu, kwa hiyo walioko Lushoto, Mbeya au Arusha wana bahati zaidi. Mchicha kwenye ndoo hiyo hiyo hauna maringo. Wiki tatu hadi nne unakula.

Kwa watu wazima mimi huitengeneza kama kachumbari: arugula, embe lisiloiva sana, nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, ndimu na mafuta kidogo. Kwa mtoto, ikatekate na uitupie kwenye mayai ya kukaanga dakika ya mwisho. Figiri nayo inakubali mapishi hayo yote mawili, hasa yale majani yake machanga.

Tahadhari moja kwa mboga mbichi. Nyingi zinazouzwa mijini hulimwa mabondeni, na maji ya kumwagilia huyajui yametoka wapi. Moto unaua vijidudu, kachumbari haina moto. Kwa saladi natumia mboga ninayojua ilikolimwa, na naosha kwa maji safi na salama, yale yale ninayokunywa. Sabuni haihusiki.

Na magadi. Najua mlenda bila magadi kwa wengine si mlenda. Lakini magadi yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, hivyo kama ni lazima, iwe chembe tu, na isiwe kwenye kila mboga kwa sababu yanailainisha haraka. Kisamvu ndicho ninachokiacha nje ya kanuni ya dakika tano. Hicho kitwangwe, kioshwe, kichemke kweli kweli.

Turudi kwa mpwa wangu. Siku ile alikula vijiko vinne, mara mbili ya kawaida yake, kisha akagoma. Sikuona ajabu. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nyingi kabla hawajakizoea, na kumkaba koo kunarudisha nyuma. Kilichomsaidia dada ni kumpa kazi: sasa yeye ndiye anayechambua mchicha, anatenganisha majani na mashina kwenye ungo, mengine anayatafuna akidhani haonekani. Matembele ya nazi anayala bila maneno. Majani ya maboga na karanga anaomba mwenyewe. Mnafu bado anautema, na mama yake ameacha kubishana naye kuhusu huo.

Mwezi ulipokwisha walirudi kliniki. Damu ilikuwa imepanda, ingawa haijafika panapotakiwa, na wakaambiwa waendelee na dawa hadi imalizike. Dada alitoka pale akaandika ujumbe kwenye lile kundi la wazazi kuhusu kisamvu kibichi. Wawili walimshukuru. Mmoja alimjibu kwamba wanawe walikunywa na hawakufa. Alinitumia picha ya jibu hilo akiuliza amwambie nini, nikamshauri amtafute huyo mama faragha, amuulize watoto walipimwa lini mara ya mwisho.