Lori Lingurumapo Kupita Kiasi: Chanzo, Uchunguzi na Tiba

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Injini ya lori nayo ni nadra kuharibika pasi na kutoa ishara. Mojawapo ya ishara hizo ni kuunguruma kwa kasi ilhali gari limesimama, gia haijaingizwa na dereva hajaligusa kanyagio la mafuta. Makala haya yanadhamiria kueleza kiini cha hali hiyo katika malori ya dizeli ambayo pampu yake haiendeshwi kwa kompyuta, ambayo yangali yanatumika kubeba mazao ya wakulima wetu. Hoja yetu ni moja: mwendo uliozidi ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe. Fundi anayekimbilia kugeuza skrubu kabla ya kutafuta chanzo huificha dalili, na huenda akazaa hatari kubwa kuliko ile aliyoitiwa.

Kwa wepesi wa maelezo, mwendo wa injini isiyokuwa na kazi tutauita mwendo wa kusubiri.

Jinsi mwendo unavyodhibitiwa

Katika injini ya petroli, kanyagio hufungua na kufunga njia ya hewa. Ndiposa mpira wa hewa uliopasuka waweza kuipandisha kasi ya pikapu ya petroli. Injini ya dizeli ina tabia tofauti. Rudolf Diesel, mhandisi wa Ujerumani ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897, aliyategemea mafuta yawashwe na joto la hewa iliyoshindiliwa, si cheche. Aghalabu hewa huingia humo bila kizuizi, na kasi hutegemea kiasi cha dizeli kinachopulizwa. Kwa hivyo, injini ya dizeli ikienda kasi bila kuamriwa, inapata mafuta kupita haja yake. Swali la fundi linapasa kuwa: mafuta hayo ya ziada yanatoka wapi?

Kiasi cha dizeli hupimwa na pampu yenye gavana ndani yake. Gavana hii isichanganywe na kidhibiti mwendo ambacho matatu zililazimishwa kuwa nacho mwaka 2004. Hii ni sehemu ya pampu yenyewe, na asili ya wazo lake ni ya kale, kwani James Watt alilitumia katika mtambo wa mvuke mwaka 1788. Vizito vidogo huzunguka pamoja na injini. Kasi ikipanda, vizito hutanuka na kupunguza mafuta. Kasi ikishuka, springi huyaongeza. Ubavuni mwa pampu mna mkono mdogo wa chuma unaovutwa na kebo itokayo kwenye kanyagio. Dereva anapoondoa mguu, springi nyingine huurejesha mkono huo hadi uegemee ncha ya skrubu. Skrubu hiyo ndiyo inayoweka mwendo wa kusubiri.

Hatua ya kwanza: kuthibitisha kuwa pana kosa

Si kila mngurumo wa kasi ni ugonjwa. Alfajiri ya baridi kule Kinangop, baadhi ya injini hupandisha mwendo zenyewe ili zipate joto, kisha hutulia. Malori mengine yana kitufe cha kuvuta karibu na usukani kinachofanya kazi iyo hiyo, na dereva huweza kukisahau. Basi injini iachwe ipate joto lake la kawaida, kitufe kirudishwe, kisha mwendo upimwe kwa kipima mizunguko badala ya sikio. Malori mengi ya wastani husubiri kwa mizunguko kati ya 600 na 800 kwa dakika, ila kipimo cha kufuatwa ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji.

Hatua ya pili: kuutazama mkono wa pampu

Hapa ndipo penye ufunguo wa uchunguzi wote. Je, mkono wa pampu umeegemea skrubu, au umesimama kabla ya kuifikia?

Ukiwa haujaifikia, skrubu haina hatia. Kuna kitu kinachoushikilia mkono: kebo iliyokazwa mno au iliyojaa kutu, springi iliyochoka, ama zulia la sakafuni lililolikalia kanyagio. Fundi aifungue kebo kwenye pampu. Mkono ukirudi na injini ikatulia, kosa liko baina ya pampu na mguu wa dereva. Tiba yake ni kuipa kebo nafasi, kuibadilisha ikibidi, au kuweka springi mpya.

Nakumbuka lori la mjomba wangu lililokuwa likisafirisha viazi kutoka Nyandarua hadi Nairobi. Lilipowekewa kebo mpya, likaanza kuunguruma kwa kasi. Fundi akailegeza skrubu, kasi haikushuka. Akaendelea kuilegeza hadi ikakaribia kutoka, kisha akasema pampu imechakaa. Kumbe kebo ilikuwa fupi mno na mkono haukuwa umeigusa skrubu kamwe! Siku mbili baadaye, lori likiwa limesheheni mteremkoni, kishikizo cha kebo kilihama. Mkono ukarudi nyuma, na kwa kuwa hapakuwa tena na skrubu ya kuukingia, dizeli ikakatika na injini ikazima. Usukani ukawa mzito na breki zikapoteza msaada wa injini. Mjomba aliliokoa lori kwa kulikanyaga breki kwa miguu yote miwili huku utingo akivuta breki ya mkono. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo mjomba haruhusu skrubu iguswe kabla ya mkono kutazamwa.

Iwapo mkono umeegemea skrubu na kasi ingali juu, fundi aulize kama skrubu imewahi kugeuzwa, na kwa nini. Mara nyingi chujio la dizeli huziba au hewa huingia katika mirija. Injini ikaanza kutetemeka na kuzima, mtu akaikaza skrubu ili isizime. Chujio linapobadilishwa baadaye, kasi hupanda. Katika hali hiyo, nati ya kufungia ilegezwe, skrubu igeuzwe polepole huku mizunguko ikipimwa, kisha nati ikazwe tena. Kasi isipobadilika, ugonjwa umo ndani ya pampu. Pampu hiyo ipelekwe kwa mafundi wenye mtambo wa kuipimia. Isifunguliwe kando ya barabara.

Hatua ya tatu: mafuta yasiyotoka tangini

Hatari kuu ni injini kujilisha oili yake yenyewe. Oili huweza kupenya kupitia tabo iliyochakaa, au kufuata njia ya hewa ikiwa imejazwa kupita alama. Dalili zake ni moshi wa samawati, oili kupungua na, hali ikizidi, injini kukataa kuzima hata dizeli ikikatwa. Gavana haina mamlaka juu ya mafuta yasiyopitia kwenye pampu, hivyo injini yaweza kuongeza kasi hadi ikavunjika. Tiba ya dharura ni kuinyima hewa kwa kuziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kitu kipana na kigumu, kama vile kipande cha ubao. Mkono au kitambaa kisitumiwe asilani, kwani huvutwa ndani. Injini iliyowahi kufanya hivyo isiwashwe tena kabla ya chanzo kuondolewa.

Hitimisho

Malori mapya yanaongozwa kwa kompyuta, na huko makosa husomwa kwa chombo maalumu. Hata hivyo, mantiki haibadiliki: thibitisha kosa, fuata njia ya mafuta kutoka mguuni hadi kwenye injini, na uache kila skrubu mahali pake hadi uwe na sababu ya kuigusa. Dereva naye ana wajibu wa kumweleza fundi ni lini kasi ilianza na ni kipi kilichotengenezwa kabla yake. Lau mjomba angalitaja ile kebo mpya mapema, huenda fundi asingaligusa skrubu.