Mteja Asiambiwe Athibitishe Kwanza

Gawanya 4195835 kwa 3145727. Jibu sahihi linaanza na 1.33382. Mwaka 1994, kompyuta yenye prosesa mpya ya Pentium ilitoa 1.33373.

Kasoro hiyo iliibuliwa na Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Virginia, aliyekuwa akifanya utafiti wa namba tasa. Alichunguza kwa miezi, akiondoa sababu moja baada ya nyingine, na Oktoba 30 akawaandikia wenzake barua pepe. Muda si mrefu watu walikuwa wakirudia hesabu hizo wenyewe na kujadiliana kwenye comp.sys.intel, kundi la majadiliano katika mtandao wa Usenet. Intel, watengenezaji, walikuwa wameshaijua kasoro hiyo tangu katikati ya mwaka, ila waliiona ndogo.

Novemba 27 mkuu wa kampuni, Andy Grove, aliandika kundini kupitia akaunti ya mfanyakazi mwenzake. Kwa hilo anastahili heshima. Wakuu wengi hata leo hawathubutu. Aliomba radhi kwa wasiwasi uliowapata watu. Ila prosesa ingebadilishwa tu kwa mtu ambaye Intel ingeridhika kwamba kazi yake inaihitaji. Yaani aliyetoa pesa yake ndiye ajieleze!

Intel ilikadiria kwamba mtumiaji wa kawaida angekumbana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000. Hata kama hesabu hiyo ilikuwa sawa, haikujibu walichouliza watu: nani mwenye kauli juu ya kompyuta niliyoinunua? Hasira ilizidi. Desemba 12 IBM ilisitisha kuuza kompyuta zenye Pentium hiyo, na Desemba 20 Intel ikakubali kumbadilishia yeyote atakayeomba. Gharama iliyotengwa ilifika dola milioni 475. Hata hivyo, wengi wa wanunuzi wa kawaida hawakujisumbua kuomba prosesa nyingine. Huenda kwao ilitosha kujua kwamba wakiomba watapewa.

Siku hizi tukilalamika mtandaoni, jibu tulilozoea kutoka kwa kampuni ni “pole kwa usumbufu, njoo inbox”. Kwa mambo ya akaunti ya mtu ni sahihi kabisa. Lakini kosa linalowagusa wengi likijibiwa faraghani, wengine wote wanabaki gizani, na kesho swali ni lile lile. Kampuni impeleke kundini mtu mwenye mamlaka ya kusema: tumeliona, linashughulikiwa, Alhamisi tutawapa taarifa. Na Alhamisi arudi, hata kama halijatengemaa.

Nasi watumiaji tuna sehemu yetu. Nicely hakumtukana mtu. Alitaja mashine alizojaribu na namba ambazo yeyote angeweza kuzirudia. Malalamiko ya namna hiyo humsaidia hata fundi aliye ndani ya kampuni, ambaye huenda amekuwa akisema jambo hilo hilo bila kusikilizwa, kwani sasa ana ushahidi wa kumwekea bosi wake mezani.