Lenzi ya Masafa Marefu kwa Mpiga Picha wa Arua na Koboko

Mpiga picha wa Arua au Koboko anayetaka kutoka kwenye harusi na mahafali aingie katika michezo na wanyamapori hana budi kutafuta lenzi ya masafa marefu, yaani ile inayovuta kilicho mbali kikaonekana karibu. Inayosifiwa zaidi ni lenzi ya kasi, ambayo tundu lake la kupitishia mwanga ni pana kiasi kwamba shata, pazia linalofunguka na kujifunga ndani ya kamera, huweza kufanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Upana huo huandikwa kwa namba ya f, ipatikanayo kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu, hivyo namba ndogo huonyesha tundu kubwa. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 400 na f/2.8 hudai kioo cha mbele chenye kipenyo cha milimita 143 hivi, na ndiyo maana ni nzito na ghali. Ile ya Canon iliyotolewa mwaka 2018 ina kilo 2.84, na bei yake ilikuwa karibu dola 12,000 za Marekani.

Je, uwanja wa mpira unaidai? Katika Green Light, uwanja wa Onduparaka, timu iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, mechi inayoanza saa kumi alasiri humalizika jua halijatua, kwani huku magharibi ya nchi huzama karibu saa moja. Katika mwanga huo lenzi ya f/5.6 humgandisha mchezaji kwa 1/1000 ya sekunde bila taabu. Kinachonunuliwa kwa f/2.8 mchana ni kufifisha mandharinyuma, yaani watazamaji na bodaboda zilizoegeshwa nyuma ya goli. Faida hiyo ni ya kweli, ila lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 huitoa kwa kilo moja na nusu tu, na ikifungwa kwenye kamera ambayo kihisi chake, sehemu inayonasa picha, ni kidogo, huona kama ya milimita 300.

Mbugani hesabu hugeuka. Avukaye daraja la Pakwach kuelekea Murchison Falls hukuta wanyama wakitembea alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu, na ndege korongo nyangumi wa delta ya Nile ya huko hamsogelei mtu. Lenzi ya milimita 150 hadi 600 huwafikia, lakini kwenye f/6.3 hupokea takriban moja ya tano ya mwanga wa f/2.8, pengo ambalo huzibwa kwa kuongeza ISO, yaani wepesi wa kihisi kuitika mwanga, na picha ikaota chembechembe. Kiongeza-fokasi cha mara mbili, kinachofungwa kati ya lenzi na kamera ili kuvuta zaidi, hugharimu robo tatu ya mwanga. Adhuhuri, hewa ya moto inayocheza juu ya ardhi huharibu picha ya mbali, na hapo lenzi ya bei yoyote haisaidii.

Kwa hiyo atakayenunua moja tu aanze na ya 70 hadi 200 yenye f/2.8, hata iliyotumika, mradi aimulike kwa tochi kutafuta ukungu na vumbi la kiangazi ndani ya vioo, kisha aijaribu kwa mtu anayekimbia kabla ya kulipa.